Kuni za Shule Kongwe

Kuni za jioni ile zilishika moto kwa pumzi moja. Mama Chiriku alizoea kuinama jikoni mpaka machozi yamtoke, akipuliza vijiti vibichi visivyotaka kuwaka, lakini hivi vipande viwili vilikuwa vya mti mgumu wa zamani, vikavu kama mfupa, vimechongwa upande mmoja mnene na upande wa pili mwembamba. Alitanguliza ncha nyembamba. Moto ukapanda taratibu, bila moshi, na sufuria ya maharage ikaanza kutokota mapema kuliko siku zote.

Jiko lenyewe lilikuwa nje ya mlango, chini ya kipande cha bati, nyuma ya shule kongwe. Chumba chao kilikuwa cha mlinzi zamani. Sasa waliishi watatu humo, Fundi, mkewe na binti yao. Mtoto huyo baba yake alimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Jina likamganda mtoto, likamganda na mama, ingawa mama mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache mno. Mafundi walimtania kila alipopita na ndoo yake: "Mama Chiriku, wewe hata kuku akiingia ndani unamwomba samahani!" Naye aliinamisha kichwa, akacheka kwa pua, akaendelea kufagia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pale shuleni, kufagia vumbi la mafundi.

Fundi alirudi akiwa na chokaa mpaka kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza tangu ukarabati uanze alikuwa anapiga mluzi.

"Leo kuna nini? Maharage yameiva kabla sijavua viatu!"

"Kuni zilikuwa kavu," alijibu mkewe.

"Baba, kesho mimi niko mbele!" Chiriku alidakia. "Mwalimu kaniweka mstari wa kwanza kabisa, katikati ya darasa kubwa. Tukifika pale pa 'shule yetu imesimama' tunapiga mguu, puu! puu! Halafu mgeni rasmi anatoka mlangoni anapiga kengele, na sisi tukiisikia tu, tunageuka, tunakimbia kwa mstari mpaka uwanjani."

Alionyesha alivyofundishwa kupiga mguu, na vikombe vikalia kwenye kichanja. Fundi akacheka mpaka akakohoa.

"Basi ndiyo maana Bwana Picha kanikalia kooni leo." Bwana Picha alikuwa Msimamizi wa kazi; walimpachika jina hilo kwa sababu hakuweza kupita karibu na tofali bila kulipiga picha kwa simu. "Ati nitoe mrunda wa katikati, ule mti wa kuegemezea boriti. Unaziba watoto, unaharibu picha, wageni watadhani shule inatembelea mkongojo. Nikamwambia, bosi, hii boriti kubwa kichwa chake kimeoza ndani ya ukuta, imesimama kwa hisani ya mirunda. Tukabishana, tukabishana. Mwisho nikasema haya, wa katikati nautoa, lakini wa ukutani hata uniletee askari hautoki. Jioni hii nimeutoa."

"Na wa ukutani unatosha?" aliuliza Mama Chiriku. Hakujua kwa nini ameuliza.

"Unatosha na kubaki. Ule ndio uliobeba kila kitu. Nimeugongea kabari mbili chini yake, nimezichonga mwenyewe kwa mti wa boriti ya zamani." Aliweka kiganja kimoja juu ya kingine, vidole vikielekea pande tofauti, akavisukuma vipishane. "Unaona, Chiriku? Ukizigonga hivi zinausukuma mrunda juu, nao mrunda unaisukuma boriti. Bila kabari, mrunda ni mti tu uliosimama ndani ya nyumba. Umepamba, haubebi kitu."

Mama Chiriku aliangalia jikoni. Kipande cha kwanza kilikuwa kimekwisha. Cha pili kilibaki upande mnene, unawaka kwa mwali mtulivu, na juu yake, pale ambapo moto haujafika, palikuwa na kovu la kubonyea. Alama ya nyundo.

Mchana ule Bwana Picha alikuwa amempa kitambaa cheupe auzungushie mrunda wa ukutani, na vyungu vya maua avipange chini yake. Kitambaa kilikataa kunyooka. Vipande viwili vya mti vilikuwa vimetokeza pale chini, na Bwana Picha akapiga kelele kutoka mlangoni: "Hapo panavimba kama mguu wenye jipu, mama! Panyooshe!" Alivishika, vikachezacheza kama meno ya mtoto, maana mrunda ulikatwa mbichi na joto la siku zile lilikuwa limeukausha, ukasinyaa. Vikatoka bila nguvu. Mumewe ndiye aliyemwambia siku nyingi, kipande chochote cha mti mkongwe ukikikuta sakafuni, chukua ukapikie. Vilikuwa sakafuni. Akavifunga kwenye aproni.

Alichukua kijiti, akakisukuma kile kilichobaki ndani ya majivu.

"Mbona unazima moto?" Fundi aliuliza.

"Yameiva."

"Basi pakua, mke wangu. Leo nina njaa ya mtu mwenye bahati. Kesho ikienda salama, Bwana Picha amesema mbele ya watu, mimi ndiye fundi wa kudumu wa shule hii, na chumba hiki hatutolewi tena. Ikienda kombo," alishusha sauti, "yule afisa wa majengo anakuja na wageni. Unajua anachosubiri."

Alijua. Watu wote walijua. Alama ya X nyekundu bado ilijitokeza chini ya chokaa mpya ya ukuta wa mbele, kama doa la damu lisilotoka kwenye shuka. Shule ilikuwa imeandikiwa kubomolewa, kiwanja kigeuzwe maegesho ya magari. Wanafunzi wa zamani wakapita ofisi kwa ofisi, wengine wazee wa kushikwa mkono, wakapewa nafasi moja tu: itengenezwe, na isiwe hatari kwa mtu. Neno hatari likitamkwa tena, tingatinga halina mjadala.

Mama Chiriku alifungua mdomo.

"Chumvi iko wapi?" mumewe akauliza, na alikuwa anatabasamu.

Akampa chumvi. Usiku ule tuupite. Kila aliyewahi kulala na siri mbaya anaujua ulivyo mrefu.

*

Asubuhi alikwenda kabla ya wenzake, ndoo mkono mmoja, ufagio mkono wa pili, na ndani ya ndoo, chini ya tambara, vipande viwili vya kuni alivyovichonga kwa panga.

Darasa kubwa lilikuwa limependeza mpaka likatisha. Sakafu imeoshwa, viti vya wageni vimepangwa kuzunguka kuta, bango limetundikwa juu ya ubao. Boriti ilikatiza juu, nyeusi, nene kuliko kiuno cha mtu, na chini yake katikati, pale uliposimama mrunda jana, palikuwa wazi. Ule wa ukutani ulisimama umevikwa kitambaa cheupe kama bi harusi aliyesahauliwa.

Alisogeza vyungu, akapiga magoti, akafunua kitambaa. Alichomeka kipande kimoja, akakigonga kwa jiwe. Mti ulikuwa laini. Ukapasuka kama muwa. Alijaribu cha pili. Kikaingia kidogo, kikakataa. Akaushika mrunda ili ainuke, na mrunda ukazunguka mkononi mwake.

Ukazunguka, kama mpini wa ufagio.

Vumbi la chokaa likamnyeshea kichwani. Huko juu, ndani ya ukuta, kitu kilialika mara moja, mlio mdogo tu, kama mtu anayevunja kidole. Mama Chiriku alibaki amepiga magoti. Hakuthubutu kuushika tena wala kuuacha. Aliogopa hata kupumua.

"Wewe mama! Unachimba hazina?"

Bwana Picha alikuwa amesimama mlangoni, amevaa suti, simu mkononi.

"Bosi..."

"Bosi nini? Vyungu nani kavitoa? Mimi nilikuajiri usafi, sikukuajiri ufundi. Kwenye nyumba yenu fundi mmoja anatosha."

"Bosi, mrunda..."

"Mrunda umependeza, asante sana. Rudisha vyungu. Halafu nenda kabadili hilo gauni, limechanika kwapani. Wageni wakikuona hivyo watasema tumekula pesa za ukarabati."

Mkono wake ulikimbilia kwapani wenyewe. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga tangu alfajiri yakamwagika pale pale, kama punje kutoka kwenye gunia lililotoboka. Akarudisha vyungu. Alipotoka alitembea kando ya ukuta, mbali na boriti, na akajichukia kwa kujua pa kupita.

Nyumbani hakuwa na gauni jingine, na Fundi hakumkuta. Alikuwa ameshaitwa getini kupaka rangi ya mwisho, na Chiriku amekwenda kupanga mstari.

*

Wageni walikuja wengi kuliko viti. Mgeni rasmi alikuwa bibi mmoja wa makamo yaliyopita zamani, mwanafunzi wa shule ile enzi zile, mwenye fimbo na sikio zito, kila alichoambiwa alijibu "Eeh?" kwa sauti ya kuamrisha. Pembeni yake aliketi Afisa wa majengo, amevaa kofia ngumu ya kazi peke yake katika darasa zima, na watu walikuwa wanamcheka chinichini.

Mafundi hawakupewa nafasi ndani. "Nyie tazameni dirishani, ndani pamejaa," Bwana Picha aliwaambia. Fundi alisimama nje, kati ya mlango na dirisha, ndani ya shati lake moja zuri, akichungulia kazi yake mwenyewe juu ya mabega ya watu. Kando yake, kwenye nguzo fupi, ilining'inia kengele ya shule, imesuguliwa mpaka inang'aa, kamba yake imefungwa utepe mwekundu ambao mgeni rasmi peke yake ndiye angeufungua.

Watoto waliingia wakapanga mistari. Chiriku alikuwa mbele, kifua nje.

"Baba Chiriku," mkewe alimnong'oneza, akiwa amepenya kati ya watu mpaka kando yake.

"Shh. Wanaanza."

"Kabari za mrunda wa ukutani hazipo."

"Zipo. Nilizigonga mwenyewe."

"Nimezichoma. Jana. Nilipikia yale maharage."

Fundi alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetaniwa vibaya. Kisha akauona uso wa mkewe. Rangi ilimtoka taratibu, kuanzia midomoni.

"Zote mbili?"

"Zote. Zilikuwa zimelegea. Niliambiwa ninyooshe kitambaa. Asubuhi nimeushika, unazunguka."

"Unazunguka?" Alishika nondo ya dirisha. "Siku kadhaa sijapita kuzikaza. Wamenizungusha huko getini na hii kengele. Kwa nini hukuniambia jana?"

"Niliogopa."

"Hata mimi naogopa," alisema. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, na likamtisha kuliko ule mlio wa ukutani.

Ndani, wimbo ulianza.

"Sikiliza," Fundi alinong'ona haraka haraka, "nikiingia sasa nikapiga kelele, yule mwenye kofia ameipata shule. Atarudisha X yake leo hii. Sisi tunatupwa nje, shule inabomolewa. Wimbo ni mfupi. Wataimba, watatoka, nitaingia nizichomeke nyingine, hakuna atakayejua."

"Mtoto yuko chini yake."

"Najua mtoto yuko wapi!"

Lakini hakusogea. Mkono wake ulikuwa umegandia kwenye nondo, macho yameganda kwenye boriti, na midomo yake ilikuwa inafuatisha maneno ya wimbo, akihesabu yaliyobaki.

Shule yetu imesimama. Puu! Puu!

Uzi mwembamba wa vumbi ulishuka kutoka juu, ukatua kwenye nywele za Chiriku. Mtoto akapiga chafya, akaangalia juu, akaendelea kuimba. Bibi mgeni rasmi alikuwa anapiga makofi nje ya mapigo. Bwana Picha alikuwa amechuchumaa, anapiga picha.

Mama Chiriku alijaza hewa kifuani, akaita "Tokeni!" Ikatoka pumzi tupu. Hata mtu aliyesimama mbele yake hakugeuka. Akajaribu tena, ikatoka pumzi ile ile.

Shule yetu imesimama. Puu!

Akaishika kamba ya kengele pamoja na utepe wake, akavuta.

Sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyotegemea. Ndani, wimbo ulikatika katikati ya neno, na watoto wakafanya walichofundishwa kwa wiki nzima: wakageuka, wakakimbia kwa mstari kuelekea mlangoni. "Bado! Bado!" mwalimu alipiga kelele, akiwafuata mikono juu. "Rudini, bado!" Hawakusikia. Kengele ilikuwa inalia, na kengele ikilia ni nje. Mama Chiriku aliendelea kuvuta, macho kwenye kila kichwa kinachopita, utepe ukikatika na kumwangukia begani, mpaka kichwa kilichojaa vumbi kilipopita karibu na kiuno chake.

"Mama! Mama, umekosea, siyo wewe unayepiga!"

Wakubwa nao wakatoka, wengine kwa hasira, wengine kwa kutaka kujua. Bibi alikuja akigonga fimbo: "Nani kapiga kengele yangu?" Bwana Picha alifika kwanza, akamkamata Mama Chiriku mkono.

"Umeingiwa na nini wewe? Unajua umeharibu nini?"

Fundi alimpita bila kumtazama, akaingia darasani peke yake. Alitembea chini ya boriti kama anayetembea juu ya mayai. Alirarua kitambaa, akaushika mrunda kwa mkono mmoja, akaunyanyua, akatoka nao mlangoni kirahisi, kama mtu aliyebeba ufagio. Akaulaza mbele ya viatu vya Afisa wa majengo.

"Huu ndio uliokuwa umebeba boriti, mkubwa."

Ndani, boriti ilishuka kidogo, kwa mguno mzito, kama mzee anayekaa kitini. Ikatulia. Pande la dari lenye ukubwa wa begi la shule likaanguka palepale uliposimama mstari wa mbele, na vumbi likaja mpaka mlangoni.

Afisa aliivua kofia yake, akaivaa tena. "Kabari ziko wapi?"

"Ni kosa langu," Fundi alianza. "Sikupita kuzikaza..."

"Sijauliza kukaza. Ziko wapi?"

"Nilizichukua mimi," alisema Mama Chiriku.

"Sema kwa sauti, mama."

"Nilizichukua mimi. Nilipikia maharage."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaenea. Labda kilikuwa cha hofu iliyowatoka, labda cha dharau. Kwa aliyesimama pale katikati vyote vilikuwa kimoja. Mafundi walicheka, walimu walicheka, mwanamke mmoja mwenye vito akarudia "maharage!" huku akijifuta macho. Mama Chiriku alibana mkono kwapani, pale penye gauni lililochanika, akatazama chini. Chiriku peke yake hakucheka. Aligeuka akaliangalia lile pande la dari, akamrudia mama yake, akamshika mkono.

"Hakuna anayeingia humu," Afisa alisema kicheko kilipokwisha. "Mrunda huu urudi sasa hivi, na wa katikati pia. Kesho nakuja kuangalia, ndipo nitasema kama jengo hili linabaki au linabomolewa." Alipotoka aliugusa ukuta wa mbele, mahali palipokuwa na alama.

Bwana Picha alisubiri wageni wasogee. "Suala la chumba," alimwambia Fundi bila kumtazama usoni, "tutaongea kesho hiyo hiyo."

Yule bibi ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka. Alimsogelea Mama Chiriku, akamkagua kuanzia miguuni.

"Zamani kengele hii walipiga wavulana peke yao. Maisha yangu yote nilitaka kuivuta. Leo umenitangulia."

Hakutabasamu wala hakukunja uso, na Mama Chiriku hakujua amegombezwa au amepewa kitu.

*

Fundi alifanya kazi ndani ya shati lake zuri. Mafundi wengine waligoma kuingia, hivyo mkewe ndiye aliyemshikia mrunda, yeye akigonga kabari mpya, nyundo moja, anasikiliza, nyundo moja, anasikiliza. "Shika hapo. Unazunguka?" "Hauzunguki." "Jaribu kwa mikono miwili." "Hauzunguki."

Jioni walikaa nje ya chumba chao. Jiko lilikuwa baridi. Ukutani palikuwa na rundo la vipande vya mti mkongwe, na Mama Chiriku alikuwa amelisimamia muda mrefu bila kugusa kitu.

"Mama, hatupiki?" Chiriku aliuliza.

Aliokota kipande kimoja, akampelekea mumewe. "Hiki?"

Fundi alikigeuza. "Kuni."

"Na hiki?"

"Kuni."

"Hiki je?"

"Hicho ni kipande cha fremu ya dirisha. Kimeliwa na mchwa. Kuni."

Akaleta kingine, kigumu, kikavu, upande mmoja mnene kuliko wa pili. Alikinyoosha tu. Fundi alikitazama, kisha akamtazama yeye, akautazama mlango wa chumba ambacho huenda kesho kisingekuwa chao.

"Hicho nacho ni kuni, mke wangu," alisema polepole. "Washa, mtoto ana njaa."

Alirudi jikoni nacho, akapiga magoti. Lakini hakukitia motoni mpaka alipokigeuza upande wa mwanga, akakipapasa kwa kidole gumba kote, akitafuta kovu la nyundo.